Bei ya kuanzia si bei ya pikapu

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa magari wa Jumamosi iliyopita ulichapisha jedwali la pikapu kubwa zinazoshindana katika soko la Marekani, na mbele ya kila jina, Ford F-150, Chevrolet Silverado, Ram 1500 na Toyota Tundra, mkaweka kiasi kimoja tu cha fedha, yaani bei ya kuanzia. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Houston, katika jimbo la Texas, kwa mwaka wa kumi na nne sasa, na riziki yangu naipata kwa kuhamisha samani na mashine ndogo kwa tela, hivyo pikapu kwangu ni kama jembe kwa mkulima. Kwa ruhusa yako ningependa kueleza kwa nini jedwali lile linampotosha msomaji, hata kama kila kiasi kilichoandikwa humo kilikuwa sahihi, na kwa nini naomba mlibadilishe kabla ya kulichapisha tena.

Bei ya kuanzia ipo kweli, ila ni ya gari ambalo mnunuzi wa kawaida hulikuta kwa nadra kwenye uwanja wa wakala. Kwa F-150 ni ngazi (yaani daraja la gari kwa vifaa na anasa) ya XL, kwa Silverado ni WT, kwa Ram ni Tradesman, nazo aghalabu zina sakafu ya mpira badala ya zulia, injini ndogo kuliko zote, na nguvu inayokwenda kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Wanaozichukua zaidi ni halmashauri za miji, kampuni za umeme na wakandarasi wanaonunua kumi au hamsini kwa mkupuo. Hata mtu binafsi aliyebahatika kuipata atalipa juu yake ada ya kuisafirisha kutoka kiwandani, ambayo kwa F-150 ya mwaka 2024 ilikuwa dola 1,995. Ada hiyo ni ileile kwa wote, kwa hiyo mkazi wa Dearborn, Michigan, ambaye nyumba yake inatazamana na kiwanda chenyewe, hulipa sawasawa na mimi niliye huku kusini.

Baada ya hapo ndipo ngazi zinapoanza kupandwa. Katika F-150 utatoka XL uende XLT, kisha Lariat, kisha King Ranch, kisha Platinum, na ndani ya kila ngazi kuna makundi ya vifaa yenye namba zake. Kwa miaka mingi ngazi ya XLT ilikuwa na 300A, 301A na 302A, na wanunuzi wazoefu huzitaja namba hizo kama mtu anavyotaja saizi ya kiatu. Juu ya makundi hayo kuna vifurushi vya kazi maalumu: kimoja cha kuvuta tela zito, kingine cha njia mbaya chenye shokapu tofauti, bamba la kukinga injini kwa chini na difu ya nyuma inayoweza kufungwa ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja.

Msomaji wa nyumbani analifahamu neno kifurushi kutokana na simu. Unataka intaneti tu, unauziwa intaneti pamoja na dakika za kupiga na ujumbe mfupi ambao hutautuma, na ukitaka kununua intaneti peke yake unakuta bei yake imepangwa ili ujione mjinga kwa kutochukua kifurushi. Sina haja ya kueleza zaidi kwa watu walioshuhudia malalamiko ya Aprili 2021, pale vifurushi vipya vya simu Tanzania vilipoanza na kusitishwa siku hiyohiyo. Pikapu za Marekani huuzwa kwa akili hiyohiyo, isipokuwa kwamba kifurushi chake hugharimu maelfu ya dola na hakiishi muda wake baada ya siku saba.

Nitoe mfano wangu mwenyewe bila kutaja kampuni wala wakala. Mwaka 2019 nilihitaji pikapu ya milango minne yenye kidhibiti cha breki za tela kilichofungwa kiwandani, kwa sababu tela langu lina breki za umeme na sikutaka kifaa cha kuning'iniza chini ya usukani. Kifaa hicho chenyewe ni kidogo, kinaenea kiganjani. Muuzaji alifungua orodha yake, akanionyesha kwamba katika ngazi niliyoichagua kidhibiti hicho hakipatikani peke yake. Kimo ndani ya kifurushi cha tela, na kifurushi cha tela hakifungwi mpaka uchukue kwanza kundi la juu la vifaa, ambalo ndani yake mna skrini kubwa, paa la kioo, ngazi za pembeni zinazoshuka zenyewe kwa mota, pamoja na viti na usukani vinavyopashwa joto. Mhariri, Houston mwezi Agosti joto hupita nyuzi 38, na mtu anayeingia kwenye gari lililoegeshwa juani hutafuta kitambaa cha kushikia usukani usimuunguze. Nililipa, maana gari jingine la namna niliyoitaka halikuwapo karibu, na fedha nilizolipia joto hilo zingetosha kuninunulia tela la pili.

Kiwanda kina sababu zake, na baadhi ni za haki. Kila kifaa kinachouzwa kimoja kimoja huzidisha idadi ya magari tofauti yanayopaswa kuundwa kwenye mstari mmoja: nyaya tofauti, viti tofauti, stoo tofauti, na makosa mengi zaidi. Kuvifunga vifaa pamoja hupunguza mseto huo, na pengine hupunguza gharama kweli, ndiyo maana kwenye karatasi ya bei hukosi kuona mstari unaosema punguzo la kifurushi. Hilo nalikubali. Ninalolikataa ni dhana kwamba bei iliyoandikwa mbele ya kifurushi inatokana na gharama ya vitu vilivyomo.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umo katika pikapu ndogo ya Ford iitwayo Maverick. Ilipotangazwa mwaka 2021 bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 19,995, na injini ya haibridi, inayosaidiwa na mota ya umeme, ndiyo iliyokuwa ya kawaida, wakati aliyetaka injini ya turbo ya petroli aliongeza dola 1,085. Wateja wakafurika, hata mwanzoni mwa 2022 Ford ikasimamisha kwa muda kupokea oda. Ilipofika Maverick ya mwaka 2024 mambo yakageuzwa: ya turbo ndiyo ikawa ya kawaida, na anayetaka haibridi akatakiwa kuongeza dola 1,500. Chuma ni kilekile na kiwanda ni kilekile cha Hermosillo, Mexico. Kilichobadilika ni kwamba kampuni ilikwisha kujua watu wanapenda nini. Nyongeza iliyokuwa upande mmoja wa mizani ikahamishiwa upande wa pili, na hakuna gharama ya kiwandani inayoweza kueleza mhamo wa namna hiyo peke yake.

Mtu anaweza kuuliza, mbona ushindani hauzivunji bei hizi? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson, ambaye naye alikuwa mtu wa Texas, alitangaza ushuru wa asilimia 25 kwa malori mepesi yanayotoka nje, ikiwa ni kisasi dhidi ya nchi za Ulaya zilizokuwa zimeweka ushuru mkubwa kwa kuku wa Marekani. Ushuru huo ulianza Januari 1964, na hadi leo watu huuita ushuru wa kuku. Bidhaa nyingine zilizokuwa katika tangazo lile zilikuja kuondolewa, lakini malori yakabaki. Ndiyo sababu Hilux, ambayo kwetu ni gari la daktari wa wilaya, mfanyabiashara wa korosho na mradi wa maji, haiuzwi hapa kabisa, na Toyota iliyotaka kushindana katika pikapu kubwa ililazimika kuijenga Tundra San Antonio, humu humu Texas.

Ndani ya ua huo wa ushuru ushindani ni mkali, lakini haupiganwi kwa bei ya gari zima. Unapiganwa kwa orodha. Nissan iliingia na pikapu yake kubwa, Titan, mwaka 2003, ikiwa na injini moja tu ya silinda nane na maumbo machache, ilhali wenzake walimpa mteja chaguo la injini, urefu wa bodi, ukubwa wa kebini na ngazi kadhaa za anasa. Titan haikuwahi kuwakaribia, na mwaka 2024 ikaacha kuundwa. Somo ambalo kampuni zilizobaki zililichukua ni kwamba mnunuzi wa Marekani humpenda mwenye orodha ndefu. F-Series, familia ya pikapu za Ford ambamo F-150 imo, na ambayo imeongoza mauzo ya malori nchini tangu 1977, ni miongoni mwa zenye orodha ndefu zaidi. Katika mazingira hayo bei ya kuanzia hubanwa, kwa kuwa ndiyo inayotangazwa kwenye runinga na kulinganishwa magazetini, pamoja na gazeti lenu, na faida huhamishiwa kule ambako hakuna anayelinganisha.

Pale mshindani anapotokea kweli, bei hujua kushuka. F-150 Lightning ya umeme ilitangazwa Mei 2021 kwa dola 39,974 katika ngazi yake ya chini. Ikapandishwa mara kadhaa, na kufikia Machi 2023 ngazi hiyohiyo iliuzwa dola 59,974. Tarehe 15 Julai 2023 Tesla ikatangaza kwamba Cybertruck ya kwanza, pikapu yake ya umeme, imeundwa katika kiwanda chake cha hapa Texas, na tarehe 17 Julai Ford ikaishusha Lightning hadi dola 49,995. Ford yenyewe ilieleza kuwa malighafi za betri zimeshuka na kiwanda kimeongeza uwezo, nami sina sababu ya kusema maelezo hayo ni ya uongo. Naziweka tu tarehe hizo mbili jirani.

Kuna pia hiari ambayo si hiari. Mwaka 2022 General Motors iliweka huduma ya mawasiliano ya OnStar ya miaka mitatu, yenye thamani ya dola 1,500, kwenye kila gari la chapa zake za Buick na GMC, na hapo pikapu ya Sierra ikiwemo, ikaiandika kama nyongeza wakati mteja hakuruhusiwa kuiondoa. Linganisha na mwaka mmoja nyuma yake, pale chipu za kompyuta zilipoadimika na kampuni hiyohiyo ikaanza kuunda baadhi ya pikapu bila mfumo unaozima injini wenyewe gari linaposimama kwenye taa za barabarani: mnunuzi alirudishiwa dola 50. Sisemi vitu hivyo viwili vina thamani sawa. Nasema tu kwamba kitu kinapoongezwa hupimwa kwa mzani mmoja, na kinapopunguzwa hupimwa kwa mwingine, na mizani yote miwili ni ya muuzaji.

Nembo nazo zina bei. Pikapu ambayo Ram huiita Big Horn katika majimbo mengine, hapa Texas huitwa Lone Star, na kifurushi cha Silverado kiitwacho All Star kwingineko, kwetu huvaa beji ya Texas Edition. Nina jirani aliyeniapia kwamba gari lake limeimarishwa kwa ajili ya joto la Texas. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Haki, hata hivyo, itendeke. Februari 2021, baridi kali ilipowakatia umeme mamilioni ya watu jimboni na familia yangu ikalala siku tatu na makoti, mtu wa mtaa wa pili alikuwa na F-150 mpya ya haibridi yenye jenereta iliyofungwa kiwandani, ya kutoa hadi kilowati 7.2 kupitia soketi za bodini. Aliwasha friji yake, hita yake, na waya mrefu ukavuka ua hadi kwenye nyumba ya bibi kizee jirani yake aliyekuwa akitumia mashine ya kupumulia. Hakuna mshindani aliyekuwa na kitu kama hicho wakati ule. Kama kuna nyongeza iliyostahili kila dola iliyolipwa, ni ile, na nataja hilo ili isionekane kwamba napinga vifurushi vyote kwa jumla.

Jambo ambalo jedwali lenu halikuligusa kabisa, na ambalo kwa mtu wa kazi ni zito kuliko bei, ni kwamba kifurushi kina uzito. Kila pikapu inayouzwa Marekani ina karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, ikieleza uzito wa juu kabisa wa abiria na mzigo kwa pamoja. Uzito huo huhesabiwa kwa gari lile lile, pamoja na kila nyongeza iliyofungwa kiwandani. Paa la kioo, mota za ngazi za pembeni, viti vya umeme, matairi makubwa, vyote hukatwa humo. Matangazo ya F-150 ya mwaka 2021 yalitaja uwezo wa kuvuta hadi kilo 6,350 na uwezo wa kubeba hadi kilo 1,508, na vyote viwili vilikuwa kweli, ila si katika gari moja: kila kimoja kilihitaji umbo, injini na kifurushi chake. Ukipanda hadi ngazi ya Platinum yenye milango minne na nguvu kwenye magurudumu yote, uwezo wa kubeba huweza kushuka chini ya nusu ya ule uliotangazwa.

Kwenye mlango wa gari langu pameandikwa kilo 608. Tela langu likijaa huwa na kilo 3,600 hivi, ambazo ni mbali na kikomo cha kuvuta nilichoambiwa dukani, na kwa sababu hiyo nilinunua nikiwa na amani. Lakini tela la namna hii hukandamiza ndoano ya nyuma ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, na mkandamizo huo huhesabiwa kama mzigo uliobebwa. Chukua asilimia 12, unapata kilo 432. Niongeze mimi na vijana wangu wawili, kilo 250 kwa makadirio ya upole, jumla inakuwa kilo 682 kabla sijaweka hata kamba au kigunia cha zana bodini. Nimezidisha kwa kilo 74 nikiwa bado uwanjani kwangu. Kundi la vifaa nililolazimishwa kulichukua ili nipate kidhibiti cha breki za tela ndilo lililokula uwezo wa kulibeba tela hilo, maana yake nililipa ziada ili nibebe pungufu. Sasa kijana mmoja hutangulia kwa gari dogo, na mafuta yake nalipa mimi.

Muuzaji hakunidanganya kwa neno lolote. Karatasi ya bei dirishani ilikuwepo, ya aina ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1958 ya Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, ambayo Wamarekani hadi leo huiita kwa jina lake, na ilionyesha kila nyongeza na bei yake. Karatasi ya mlangoni ilikuwepo pia. Kosa langu lilikuwa kuisoma ya kwanza na kuiacha ya pili, na nilifundishwa kosa hilo na majedwali kama lenu, yanayomzoesha mtu kudhani kwamba pikapu ina bei moja na nguvu moja.

Najua baadhi ya wasomaji wenu husoma bei hizi wakiwa na nia ya kumwagiza ndugu aliye huku awatumie gari. Nimepokea maombi hayo mara nyingi. Kabla ya kuvutiwa na bei ya kuanzia, wakumbuke kwamba pikapu hizi huundwa na usukani wa kushoto, kwamba Kenya hairuhusu magari ya kawaida ya usukani wa kushoto wala yaliyozidi miaka minane kuingizwa, na kwamba sanduku la vipuri vya F-150 halipatikani Kariakoo kama la Hilux.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mtakapochapisha jedwali jingine, chagueni gari la aina moja kwa kila kampuni, la milango minne, ngazi ya kati, lenye kifurushi cha tela, na muweke bei yake yote pamoja na ada ya usafirishaji. Kando ya bei hiyo andikeni kilo zilizo kwenye mlango wa gari lilelile, si zile za tangazo, na mtaje ni vifurushi gani mteja hulazimika kuvichukua ili apate kile alichokijia. Kama mwandishi wenu atapenda kuanza na mfano, niko tayari kuwatumia picha za karatasi zangu zote mbili, ya dirishani na ya mlangoni.

Wako,
Msomaji wenu, Houston, Texas